Huyu mtoto kamfuata nani?

Juzi binti wa kaka yangu, aliyekuja kumalizia likizo kwangu, alipiga ukelele sebuleni: "Shangazi, njoo uone! Huyu mama katoka nje ya ndoa!" Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Kumbe ni The Sims 2, mchezo wa mwaka 2004 ambao bado anaucheza kwenye kompyuta yangu kuukuu. Familia aliyoiunda imepata mtoto. Baba nywele nyeusi, mama nywele nyeusi, mtoto nywele nyekundu kama kaa la moto.

Nafundisha jenetiki, yaani elimu ya urithi wa sifa, chuoni, na hukumu ya namna hiyo nimeisikia mara nyingi, kwa watu wazima wenye akili zao. Siku zote huanzia kwa mama. Nikamwambia afungue mti wa ukoo. Bibi mzaa baba: nywele nyekundu. Babu mzaa mama: nyekundu vilevile. Kesi ikafutwa.

Waliobuni mchezo ule walimchukua Gregor Mendel mzimamzima, yule mtawa wa Brno aliyechapisha matokeo ya njegere zake mwaka 1866. Kila mhusika hubeba jeni (maelekezo ya urithi) mbili za rangi ya nywele, moja ya baba na moja ya mama. Nyeusi na kahawia zina nguvu. Nyekundu na ile ya dhahabu hujificha nyuma yao, zisionekane mpaka zikutane mbili. Mhusika akipaka nywele rangi, jeni zake hazibadiliki. Kwa nywele nyekundu hata hawakukosea sana, maana kwa watu halisi nazo hutegemea zaidi jeni moja, MC1R, na kwa kawaida huhitaji nakala mbili.

Kwetu, kitu kinachojificha hivyo ni ualbino. Aina iliyo ya kawaida zaidi katika sehemu hii ya Afrika hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2. Ukiwa na nakala moja yenye hitilafu, ngozi yako ni ya kawaida kabisa na hutajua maisha yako yote. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mwenye ualbino. Nasisitiza kila mimba. Nimekutana na wazazi walioamini kwamba wakishampata mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Mimba haikumbuki iliyotangulia.

Makadirio yanayotumika sana kwa Tanzania ni mtu 1 kati ya 1,400 hivi. Wengi wakiisikia namba hiyo huona jambo liko mbali nao. Mimi huwaambia wanafunzi wangu watafute kipeuo chake cha pili, maana mtoto huhitaji nakala mbili, kwa hiyo nafasi ya nakala moja hujizidisha yenyewe: ni kama 37. Maana yake, katika kila nakala 37 za jeni hiyo zilizoko mitaani, moja ina hitilafu. Na kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, mtu 1 kati ya 19 ni mbebaji. Daladala ikijaza watu 40 kwenda Mbagala, wawili humo wanaibeba, na pengine mmoja wao ndiye anayemsengenya jirani aliyejifungua mtoto mweupe. Ni hesabu ya watu wanaooana bila kujuana ukoo. Binamu wakioana, nafasi ya wabebaji wawili kukutana hupanda.

Niliwahi kumsikiliza mama mmoja aliyerudishwa kwao na mtoto wa wiki mbili. Mume alisema kwenye ukoo wake hakuna kitu kama hicho. Alikuwa sahihi: hakikuwahi kuonekana. Lakini mtoto asingeweza kupata hitilafu zote mbili kwa mama peke yake. Nusu ya ushahidi ilikuwa kwa mume, naye ndiye aliyekuwa hakimu.

Wazee walikuwa na namna yao ya kuzima maneno haya: kitanda hakizai haramu. Kwa sheria ya nyumbani ilitosha. Mimi napenda kwamba kwa kesi nyingi za sura na rangi, biolojia nayo inamtetea mama yuleyule.

Lawama nyingine ni yetu sisi walimu. Bado kuna madarasa yanayowaambia watoto wakunje ulimi, kisha waende nyumbani kuangalia nani anaweza, eti ni jeni moja. Dhana hiyo ilitolewa na mwanajenetiki wa Marekani, Alfred Sturtevant, mwaka 1940. Mwaka 1952 wakapimwa mapacha wa kufanana, jozi 33, na katika jozi 7 mmoja aliweza na mwenzake hakuweza, ilhali jeni zao ni zilezile. Sturtevant mwenyewe alikuja kuiacha. Lakini zoezi limebaki, na kuna mtoto atakayerudi nyumbani akimwangalia baba yake kwa jicho jingine.

Rangi ya ngozi ndiyo isiyoshikika kabisa kwa Mendel wa jeni moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliowahusisha watu zaidi ya 1,500 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ulionyesha kwamba jeni za kuipa ngozi weusi na za kuipa weupe nyingi ni za kale humu barani, zimechanganyika ndani yetu muda mrefu. Ndiyo maana wazazi wawili maji ya kunde huzaa mmoja mweusi tii na mwingine wa rangi yao, na hakuna aliyekosea.

Binti akasikiliza, akarudi kwenye kioo cha kompyuta, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea: mbona kwenye mchezo watu wazima wote wana urefu mmoja? Ni kweli. Sifa inayorithiwa kwa nguvu kuliko karibu zote, wameiacha. Utafiti wa mwaka 2022, wa watu zaidi ya milioni 5, ulipata sehemu zaidi ya 12,000 kwenye vinasaba zinazohusika na urefu. Sijui nani angeipanga hiyo kwenye mchezo.

"Na mimi nitakuwa mrefu kama baba?"

Kaka yangu ana sentimita 178, wifi 160. Jumlisha, kwa msichana toa 13, gawa kwa mbili: 162.5, na unaweza kuzidi au kupungua kwa sentimita 8 au zaidi kidogo. Akaenda kusimama kwenye mwimo wa mlango na kitabu kichwani.

164. Na ana miaka 13. Nikamwambia kuna bibi mmoja wa upande wa mama yake ambaye sijawahi kuambiwa habari zake.