Kikomo cha uvuvi wa pwani: yanayodhaniwa na ukweli wake

"Boti zinarudi zimejaa, kwa hiyo samaki wapo tele."

Hakuna dhana iliyoleta hasara kubwa kuliko hii. Samaki wa makundi hujikusanya wanapopungua, na nahodha mwenye mtambo wa kupima kwa mawimbi ya sauti huwafuata papo hapo walipobaki. Kilo kwa kila saa ya kuvuta wavu hazishuki, ingawa maeneo mengine yameshakauka samaki. Huko Newfoundland, Kanada, zilivuliwa zaidi ya tani 800,000 za chewa wa Atlantiki (cod) mwaka 1968. Miaka ya mwisho ya 1980 meli za biashara bado zilipata mavuno mazuri huku meli za utafiti zikionyesha upungufu. Julai 1992 uvuvi ukafungwa, na marufuku hayo yaliondolewa rasmi 2024, kikomo, yaani jumla inayoruhusiwa kuvuliwa kwa mwaka, kikiwa tani 18,000 tu.

Ndiyo maana meli ya utafiti hutupa wavu kwenye vituo vilivyochaguliwa kwa kura, hata pale mvuvi asipopoteza mafuta yake kwenda. Wavu ni uleule, mwendo uleule, muda uleule kila mwaka. Ukibadilisha matundu ya wavu katikati, takwimu za nyuma hazilinganishiki tena na za mbele.

"Kikomo ni kile kiasi cha juu kabisa ambacho bahari inaweza kutoa."

Hapana, kiasi hicho ni ukuta wa kutogusa. Tuseme utafiti umekadiria tani 10,000 za samaki, na kiwango salama cha kuvua ni asilimia 20: hizo ni tani 2,000. Ikiwa kumbe baharini zipo tani 7,000, tani zilezile 2,000 zinakuwa karibu asilimia 29, na hakuna atakayejua mpaka samaki wazazi wamekwisha kupungua. Kwa hiyo kikomo huwekwa chini ya kiasi salama, na makadirio yakiwa hafifu hushushwa zaidi. Kanuni ya kupunguza ikubaliwe kabla ya matokeo kutoka. Ikisubiri matokeo, mabishano ya bei na ajira ndiyo yatakayoamua tani.

"Kilichopimwa bandarini ndicho kilichovuliwa."

Samaki aliyetupwa baharini akiwa amekufa hapandi kwenye mizani, lakini kundi limempoteza. Katika mfano wetu, tani 150 za wanaotupwa na tani 250 za wavuvi wa kitoweo na wa burudani hutolewa kwanza kwenye zile 2,000. Boti za biashara zinabaki na zisizozidi 1,600. Wengi husahau hesabu hii, kisha wanashangaa kundi kupungua ingawa kikomo "kiliheshimiwa".

"Tukishaweka kikomo, kazi imekwisha."

Kikomo kimoja cha pamoja bila mgao wa kila chombo huzua mbio: kila mmoja huwahi kuvua kabla hakijaisha. Kabla ya migao ya kila mwenye chombo kuanza 1995, uvuvi wa halibati (samaki bapa mkubwa) wa Alaska, Marekani, ulibanwa ukawa wa siku mbili tatu kwa mwaka sehemu nyingi. Watu walitoka hata bahari ikiwa chafu, na samaki wakamwagika sokoni kwa mkupuo.

Mgao nao una kasoro yake: mwenye tani chache hushawishika kutupa wadogo ili mizani ijae wakubwa wa bei. Dawa yake ni waangalizi au kamera ndani ya chombo, na kila kilo iliyotupwa ikatwe kwenye mgao wake.