Kuunganisha SSD mbili kwa ajili ya gemu: dhana potofu na ukweli

"SSD mbili zikiunganishwa, gemu hufunguka kwa nusu ya muda."

Hii ndiyo dhana inayowagharimu wengi. SSD ni diski ya chipu, isiyo na sehemu zinazozunguka. RAID 0, njia ya kuunganisha diski mbili zifanye kazi kama moja, hukata data vipande, mara nyingi vya KB 64 au 128, na kuvigawa kwa zamu: kimoja diski hii, kinachofuata diski ile. Ukinakili faili moja la GB 50, diski zote mbili huchapa kazi pamoja, na SSD mbili za SATA (muunganisho wa zamani wa diski) zinazosoma MB 550 kwa sekunde kila moja hukaribia MB 1,100. Hapo faida ni ya kweli.

Gemu linapopakia ramani mambo hubadilika. Husoma vipande vingi vidogo, vingine vya KB 4 tu. Kipande cha KB 4 kimekaa kwenye diski moja, kwa hiyo ya pili haina cha kuchangia. Kikishasomwa, prosesa lazima ikifumue, kwa kuwa data ya gemu huhifadhiwa ikiwa imebanwa, na muda huo haupungui hata ukiwa na diski nne. Pima mwenyewe: fungua Task Manager ya Windows kwenye Performance wakati gemu linapakia, na kwenye CPU chagua mchoro wa kila kiini cha prosesa. Diski ikiwa kwenye asilimia 20 huku kiini kimoja kimejaa, diski nyingine haitakusaidia.

"Fremu zitaongezeka."

Hapana. Fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kila sekunde, hutengenezwa na kadi ya michoro na prosesa. Ukihama kutoka diski ngumu ya zamani, mikwamo ya ghafla hupungua, lakini SSD moja inatosha kwa hilo.

"NVMe mbili za MB 7,000 hutoa MB 14,000."

NVMe ni SSD za kasi zaidi, na nyingi huchomekwa kwenye sloti ya M.2 ya mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Angalia sloti kwanza. Kwenye mazabodi nyingi za B550 (za prosesa za AMD), sloti ya kwanza ya M.2 imeungwa moja kwa moja na prosesa kwa PCIe 4.0, njia ya data, na ya pili hupitia chipseti, chipu saidizi ya mazabodi, kwa PCIe 3.0 ya polepole zaidi, ambako diski hiyohiyo huishia karibu MB 3,500 kwa sekunde. RAID 0 hugawa kazi sawa kwa sawa, hivyo ya haraka humngoja mwenzake: 3,500 mara mbili ni 7,000, kasi ambayo diski ya kwanza ilikuwa nayo ikiwa peke yake. Soma pia kijitabu cha mazabodi, maana kujaza sloti ya pili ya M.2 huweza kuzima baadhi ya bandari za SATA.

Ukubwa nao ni hivyohivyo. TB 1 na GB 500 kwenye RAID 0 hukupa TB 1 tu.

"RAID hulinda data."

RAID 0 hailindi chochote. Kila diski ikiwa na uwezekano wa asilimia 2 wa kufa ndani ya mwaka, mbili pamoja zina karibu asilimia 4, na ikifa moja, vyote vimekwenda. Gemu utalipakua upya. Faili za hatua ulizofikia kwenye gemu (save) na modi zako, yaani nyongeza ulizoweka mwenyewe, weka nakala kwingine.

"Unabadilisha tu BIOS."

BIOS ni mipangilio ya msingi ya kompyuta. Humo, ukihamisha SATA kutoka AHCI (hali ya kawaida) kwenda RAID bila maandalizi, Windows huweza kugoma kuwaka na kuonyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kwa diski za gemu peke yake huhitaji kugusa BIOS. Acha Windows kwenye diski yake, fungua Storage Spaces, zana ya Windows ya kuunganisha diski, ndani ya Control Panel, teua SSD zote mbili kwa mara moja, kisha uchague Simple, inayogawa data kama RAID 0. Kila kilichomo kitafutwa. Usianze na diski moja ukidhani utaongeza ya pili baadaye: idadi ya safu (diski ambazo data hugawiwa kwa zamu) hupangwa siku ya kwanza, kwa hiyo diski ya pili itakuongezea nafasi bila kasi.

"Bila kuunganisha, nafasi itabaki imegawanyika."

Steam, programu ya kununua na kufungua gemu, inakubali diski kadhaa. Ingia Settings, kisha Storage, ongeza diski ya pili. Kuhamisha gemu, bofya kulia jina lake, nenda Properties, Installed Files, halafu Move install folder. Kila diski hubaki na kasi yake, na ikifa moja, hupotea gemu zilizokuwa humo tu.