Mtungi wa kuzimia moto kwenye pikipiki: yanayosemwa kijiweni na ukweli wake

Pikipiki ikianza kunuka petroli kijiweni, kila mtu ni mtaalamu. Huyu atasema kimbia, inalipuka. Yule ataita maji. Mwingine atakushauri ununue mtungi kama ule wa kwenye daladala ili usiwe na mawazo tena. Mengi ya maneno haya yana ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana hayafi. Yafuatayo ndiyo ninayoyasikia zaidi. Nitasema mapema ninaposimamia: mtungi ni kitu kizuri, ila kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kazi kubwa iko kwenye koki ya kufungia petroli, mpira wa mafuta na fyuzi.

"Pikipiki ikishika moto, tanki linalipuka kama bomu"

Hayo ni ya kwenye sinema. Petroli ikiwa majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, tena kwa kiasi maalumu: mvuke uwe kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Ndani ya tanki lenye mafuta mvuke umejaa kupita kiasi hicho na hewa haitoshi. Kwa hiyo moto hukaa nje: kwenye mfuniko, kwenye mpira uliopasuka, chini ya kabureta inayomwaga. Sisemi usimame kuutazama. Lita kumi za petroli zikiungua hewani zinatosha kummaliza mtu bila mlipuko wowote. Ninachosema ni kwamba mwanzoni kabisa, moto ukiwa bado mdogo, una sekunde chache za kugeuza ufunguo, kufunga koki na kumshusha abiria.

Tanki la kuogopa ni lile "tupu". Limetoboka kwa kutu, mwenyewe amelikung'uta mafuta, ameliacha wazi juani siku nzima, halafu analipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Humo ndani hakuna petroli ya kuonekana, lakini kilichonata kwenye kutu na kwenye mikunjo ya bati bado kinatoa mvuke, na safari hii hewa imeingia ya kutosha. Cheche ya kwanza inakutana na mchanganyiko uleule unaotakiwa ndani ya injini. Hapo ndipo bati linapopasuka usoni mwa fundi. Mafundi waangalifu huliosha kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, kisha hulijaza maji hadi karibu na tundu, wakaacha nafasi ndogo tu pale wanapochomelea. Fundi akikwambia "hili limekauka, tuchome tu", chukua tanki lako uondoke. Tanki la mtumba lina bei, lakini ni bei inayolipika.

"Moto ni moto, mwagia maji"

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Lita moja ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi. Ukiumwagia ndoo, mafuta yanapanda juu ya maji na kusafiri nayo huku yanawaka, hadi kwenye pikipiki ya jirani. Kidimbwi kidogo kilichowaka chini kifunike kwa mchanga au udongo mkavu. Gunia lililoloweshwa nalo linafaa kama moto ni wa ukubwa wa sahani. Zaidi ya hapo unahitaji mtungi, au miguu.

"Mtungi ni mtungi"

Siyo. Soma herufi ubavuni: A ni vitu vigumu kama mbao, nguo na sponji ya siti, B ni vimiminika kama petroli, C, kwa mitungi mingi inayouzwa huku, ni gesi. Kwa pikipiki hakikisha kuna B. Mtungi wa maji haukufai. Wa gesi ya kaboni, wenye pembe nyeusi mdomoni na usio na geji ya presha, ni mzuri ofisini kwenye kompyuta, lakini barabarani upepo unaipeperusha gesi kabla haijafanya kazi, na chuma chake ni kizito. Kinachobaki ni wa poda kavu. Poda ya ABC inazima pia siti na plastiki. Ya BC inaishia kwenye mafuta na gesi. Ubaya wa poda ni uchafu wake. Ya ABC hasa ikipata unyevu hula aluminiamu na nyaya, kwa hiyo baada ya kuzima, pikipiki ifunguliwe na kusafishwa mapema, isisubiri mwisho wa wiki.

"Nikiwa na mtungi, moto haunitishi"

Hapa ndipo watu wanapoumia. Mtungi wa kilo moja, ambao ndio unaoingia kwenye pikipiki bila usumbufu, unamwaga poda kwa sekunde nane hivi, zaidi au pungufu kidogo. Hesabu mpaka nane polepole uone. Huo ndio muda wote ulio nao, na mtu aliyepaniki humaliza nusu yake akipulizia ndimi za moto hewani.

Kabla ya kuvuta pini, zima swichi na ufunge koki kama mkono unafika bila kuungua. Usipoikata petroli unazima juu huku chini panamwagika, na poda haipoozi chuma: ekzosi iliyotoka kupiga kilomita arobaini inaweza kuwasha tena mvuke uliobaki. Kisha simama mita mbili hivi, upepo ukupige mgongoni. Ukisogea sana, nguvu ya poda inarusha petroli inayowaka, mara nyingi kuelekea kwenye suruali yako. Lenga shina la moto, pale unapotokea, na ufagie kushoto na kulia. Mtungi ukiisha na moto bado upo, mechi imekwisha. Rudi nyuma, wazuie watu, piga simu zimamoto. Tanzania ni 114. Usirudi kuchukua simu wala mzigo wa abiria.

Na usiuzime moto uliokwisha kushika tanki zima. Pikipiki ni chuma.

"Nimeujaribu kidogo tu, bado umejaa"

Wapo wanaonunua mtungi, wanabonyeza mara moja kuona kama ni mzima, wanatazama geji iko kwenye kijani, wanaridhika. Ukiifungua vali ya mtungi huo utaona kilichotokea: chembe za poda zimekaa kwenye kizibo cha mpira, hakibani tena sawasawa. Hewa inatoka taratibu bila sauti. Wiki kadhaa baadaye mshale umelala kwenye nyekundu na mtungi wenye uzito uleule haurushi kitu. Mtungi wa poda ukibonyezwa hata kwa kufumba na kufumbua, upelekwe kujazwa upya. Kuukagua ni kwa macho: geji, pini, lakiri ya plastiki, mdomo usiwe na kiota cha nyigu. (Nyigu wanapenda sana midomo ya mitungi. Sijui kwa nini watengenezaji hawalioni hilo.)

"Ufunge popote unapoenea"

Wengi huufunga mbele, kwenye fremu chini ya tanki, kwa sababu pana nafasi na unapendeza. Lakini moto wa pikipiki huanzia hapohapo, kwenye kabureta na mpira wa mafuta. Utaupataje mtungi uliozungukwa na moto? Ukae nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu pikipiki nyingi za kazi huku zina ekzosi kulia, na joto la ekzosi linapandisha presha ya mtungi kupita kawaida. Mitungi mingi imeandikwa mwisho wake ni nyuzi 60 hivi. Utumie kishikio cha chuma chenye bano, siyo kamba ya mpira. Barabara ya vumbi inatikisa kila kitu, na pini ikisuguana na chuma kila siku inakatika au inachomoka. Kipande cha tyubu ya zamani kikizungushwa kati ya mtungi na kishikio kinasaidia sana. Geji itazame nje ili uione kila unapopanda.

Kuhusu trafiki: daladala na basi zinadaiwa mtungi, wewe wa pikipiki unachotazamwa ni kofia ngumu, leseni na bima. Kwa hiyo ukibeba, unabeba kwa ajili yako.

Kama ningeulizwa, ningesema kijiwe kianze na mtungi mmoja wa kilo sita, ununuliwe kwa michango, ukae kwenye kibanda cha vocha au cha mama ntilie aliye karibu, na kila mtu ajue ulipo. Wa kilo sita una zaidi ya mara moja na nusu ya muda wa ule mdogo na poda yake inatoka kwa wingi zaidi. Anayesafiri mbali na anayebeba madumu ya petroli ndiye ningemsisitizia awe na wake pia. Huyo wa madumu, hata hivyo, ningemwambia kwanza aache.

"Sheli huungua kwa sababu ya simu"

Simu imebebeshwa lawama ya bure. Waliochunguza moto wa vituo vya mafuta hawajathibitisha hata mmoja uliowashwa na mawimbi ya simu. Kinachowasha ni cheche ya umeme tuli, unaojikusanya kwenye nguo, kwenye siti na kwenye plastiki. Kwa hiyo la kuogopa ni lile tusilolishangaa: dumu la plastiki limefungwa juu ya siti, mhudumu anachomeka bomba, mafuta yanaingia kwa kasi. Plastiki inajikusanyia chaji na haina pa kuipeleka. Dumu lishushwe chini sakafuni, bomba liguse mdomo wake muda wote wa kujaza, na mafuta yaingie taratibu. Simu iache mfukoni tu, kwani inakufanya usiangalie kinachomwagika. Kiberiti ni habari nyingine. Hicho hakina mjadala.

Tena shuka unapojaziwa. Ukikaa juu ya siti, petroli ikifurika inaangukia mapajani mwako na kwenye injini yenye moto. Na usiseme "jaza hadi mdomoni". Petroli huvimba kwa joto: tanki la lita 11 likijazwa alfajiri na joto likapanda nyuzi 20 hadi mchana, mafuta yanaongezeka kama mililita 200. Hiyo ni kama glasi nzima ya chai inayotafuta pa kutokea, na itatokea kwenye mfuniko, juu ya injini.

"Moto wa pikipiki ni wa mafuta tu"

Nyaya zinafanya kazi yao kimyakimya. Mtu anafunga taa za rangi, king'ora, redio na chaja ya simu, vyote kwenye waya mmoja mwembamba. Fyuzi inakatika, kama inavyotakiwa. Badala ya kuuliza kwa nini, anaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, taa zinawaka, safari inaendelea. Sasa fyuzi imekuwa ni ule waya wenyewe, na umepita chini ya tanki. Ukiona plastiki ya waya imelainika au inanuka, au fyuzi ile ile inakatika mara mbili, hilo ni tatizo la waya, na hakuna mtungi utakaolitibu.

"Lori la mafuta likianguka, wahi kabla hawajafika polisi"

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika kuchota, wakiwamo waendesha bodaboda na pikipiki zao. Moto ulipowaka, waliokufa walizidi 100. Miaka kumi kabla, 31 Januari 2009, Sachang'wan nchini Kenya iliona yaleyale, nako zaidi ya 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji na kujaza mitaro ambako watu wanainama na ndoo. Pikipiki inayoungurumishwa pale ni kiberiti. Mtungi wa kilo moja mahali kama hapo ni mapambo.

"Ya umeme haina petroli, haiungui"

Haina petroli, lakini ina betri ya lithiamu, na sasa ziko Kigali, Nairobi na Kampala kwa wingi. Seli ikiharibika kwa kugongwa au kwa chaja mbovu inaweza kujichemsha yenyewe na kuambukiza ya pembeni. Poda inaua ndimi za nje, ndani kunaendelea kuchemka, na baada ya saa kadhaa moto unarudi. Huo unahitaji maji mengi ya kupooza, tena kazi ya zimamoto. Moshi wake ni sumu, usiuvute. Betri iliyovimba isiingizwe chumbani kuchajiwa usiku.

"Ukiungua paka dawa ya meno"

Nguo ikishika moto usikimbie, kwa sababu mbio zinaupepea. Lala chini, funika uso kwa mikono, jiviringishe. Kizibao cha kuakisi mwanga ni cha plastiki, kinayeyuka na kunata, kwa hiyo kivue mapema kabla hakijashika. Kilichokwisha kugandana na ngozi kiache, usikivute. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, siyo barafu. Pete na saa zivuliwe kabla ya kuvimba. Dawa ya meno, ute wa yai, mafuta ya kula na unga wa ngano vinafungia joto ndani na kumpa kazi muuguzi ya kubandua. Funika kwa kitambaa safi au nailoni safi ya jikoni, uende hospitali, hasa kama ni uso, mikono au sehemu za siri, au kama alivuta moshi, hata akisema yuko sawa.