Je, wajua? Charing Cross haikupewa jina na malkia

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, tena kwa kujiamini. Mwaka 1290 Malkia Eleanor, mke wa Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, alifariki karibu na Lincoln. Maiti yake ikasafirishwa hadi London, na kila ilipolazwa usiku, mfalme akaamuru pajengwe msalaba wa mawe. Ikawa misalaba 12, wa mwisho ukiwa pale Charing, wakati huo kijiji karibu na London. Kwa kuwa mfalme alisema Kifaransa, akapaita chère reine, "malkia mpenzi". Vinywa vya Waingereza vikaisaga mpaka ikawa Charing, na leo Charing Cross ndilo jina la stesheni kubwa ya treni London.

Tamu. Ila tarehe zinaikataa. Kijiji hicho kimeandikwa kwa umbo la Cyrringe karibu mwaka 1000, malkia mwenyewe hajazaliwa. Tena kule Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, iko Charing nyingine, inayotajwa tangu karne ya 8, na jeneza halikupita huko hata kidogo.

Katika Kiingereza cha kale, cierring ni mgeuko. Kona, basi! Mto Thames hupita Westminster ukielekea kaskazini, ukifika hapo unakata kwenda mashariki. Wengine husema kona iliyokusudiwa ni ya barabara ya zamani, si ya mto, na hoja zao si mbaya. Vyovyote iwavyo, konda wa daladala angepaelewa papo hapo: "Kona! Kona wapo?"

Sasa hadithi ya malkia ilizukaje? Chukua Kariakoo. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kikosi kilivunjwa, jina likabaki sokoni. Asiyejua akilisikia, sikio lake linadaka "koo" na kuanza kutunga: labda palikuwa na mchuuzi mwenye koo kubwa la kunadi bidhaa. Sikio la binadamu halivumilii jina lisilo na maana. Hulipekua silabi kwa silabi, kama anayetafuta funguo gizani, na likigusa neno lililo hai hulishika hilo hilo. Cierring ilipokufa midomoni mwa watu, Charing ikawa yatima, na msalaba wa malkia umesimama pale pale. Yatima akapewa mama.

Neno cierring lenyewe halikufa lote, na hapa ndipo ninapopapenda. Mlango ulioachwa wazi kidogo Waingereza huuita ajar. Zamani walisema on char, yaani uko kwenye mgeuko.

Upande wa Cross, yaani msalaba, malkia anastahili sifa zake zote. Lakini huo mnara wa mawe ulio mbele ya stesheni, ambao wageni hupiga nao picha, ni wa mwaka 1865, mwaka mmoja baada ya stesheni kufunguliwa, kazi ya msanifu E. M. Barry. Msalaba wa kale ulibomolewa mwaka 1647 kwa amri ya Bunge. Ulikuwa hatua chache kutoka hapo, panapoanzia Whitehall, barabara ya ofisi za serikali, mahali ambapo sasa Mfalme Charles wa Kwanza amekaa juu ya farasi wa shaba. Umbali wa kufika London hupimwa kutoka hapo, kwa hiyo kibao kikisema London maili 50, hesabu inaishia kwatoni mwa farasi huyo.