Je, wajua kwa nini Achilles huitwa "mwepesi wa miguu" hata akiwa ameketi?

Katika kitabu cha 9 cha Iliad, utenzi wa kale wa Wagiriki kuhusu vita vya Troy, Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, amesusa vita, na wajumbe wamemfuata kibandani mwake kumbembeleza arudi. Wamekula, wamekaa, wanazungumza. Mjumbe mmoja, Odysseus, anamaliza maneno yake, kisha tunasimuliwa: akamjibu Achilles, mwepesi wa miguu. Wepesi gani, na mtu ameketi?

Kwa Kigiriki sifa hiyo ni podas okys, na wenzake ni wengi. Merikebu huitwa "zenye kasi" hata zikiwa zimevutwa ufukweni. Katika Odyssey, utenzi mwenzake wa Iliad, nguo za binti mfalme Nausicaa "zinang'aa" ilhali ndizo zinazongoja kufuliwa.

Aliyefumbua jambo hili ni Mmarekani Milman Parry, katika tasnifu zake za Paris mwaka 1928. Mtunzi wa utenzi wetu hutimiza mizani 8 katika kila kipande. Mgiriki yeye alipanga silabi ndefu na fupi kwa mafungu 6 katika kila mstari. Akishasema "akamjibu", hubaki na nafasi maalumu hadi mwisho wa mstari, na podas okys Achilleus huijaza barabara. Anayejibu akiwa Odysseus, huingia polymetis Odysseus, "Odysseus mwenye hila nyingi", kwa mpangilio uleule wa silabi. Nafasi ikiwa finyu, hutumika dios Achilleus, "Achilles mtukufu". Ikiwa pana zaidi, podarkes dios Achilleus, "Achilles mtukufu, hodari wa mbio".

Sifa hizo zilikuwa akiba ya manju aliyetunga huku akiimba. Mwaka 1934 na 1935 Parry na msaidizi wake Albert Lord walikwenda Yugoslavia, ambako sanaa ya namna hiyo ilikuwa bado hai. Huko Avdo Međedović, asiyejua kusoma wala kuandika, aliwapa wimbo wa zaidi ya mistari 12,000.

Wapo wanaosema kwamba, ikiwa ni hivyo, sifa hizi ni viraka tu vya kujazia mstari. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Katika kitabu cha 22, mungu Apollo amejigeuza askari wa Troy na kukimbia, Achilles akimfukuza mbali na mji, ili Watroy wapate kuingia ndani ya kuta. Anapojitambulisha, anayemjibu kwa hasira ni Achilles "mwepesi wa miguu". Mizani imetimia, na sifa inachoma: bingwa wa mbio amedanganywa kwa mbio. Muda si mrefu anamfukuza Hector, shujaa wa Troy, mara tatu kuuzunguka mji, kisha anamuua. Katika kitabu cha 24, mzee Priam anapokuja kukomboa maiti ya mwanawe Hector, anayemtupia jicho kali na kumjibu ni huyohuyo mwepesi wa miguu, na safari hii msikilizaji anajua miguu hiyo ilimkimbiza nani.