Utando wa oksidi ya metali: unavyonasa gesi ya sumu, na ile ambayo utando hauioni

Utando wa oksidi ya metali ni tabaka jembamba sana la metali iliyoungana na oksijeni, lililopakwa juu ya kauri au silikoni ili kupima gesi hewani. Unene wake huanzia nanomita chache hadi kama mikromita moja; unywele wa mtu unaushinda mara hamsini au zaidi.

Oksidi inayotumika sana ni ya bati. Hapa Goma si kitu kigeni: kasiterite inayochimbwa Bisie, huko Walikale, ni oksidi hiyo hiyo, SnO₂. Ya kwenye kihisi, yaani kifaa cha kupima gesi, hutengenezwa ikiwa safi kabisa, lakini kikemia ni kitu kimoja.

Umeme hupita ndani yake kwa tabu kiasi, na tabu hiyo, yaani ukinzani, ndiyo inayopimwa. Hita ndogo hupasha utando hadi nyuzi 200 mpaka 400 za Selsiasi. Kwa joto hilo oksijeni ya hewani hushikamana na uso wa utando na kuzishika elektroni zake, hivyo ukinzani unakuwa mkubwa. Sasa chukua mbabula, yaani jiko, ya makala (makaa) iliyoingizwa chumbani usiku wa baridi, madirisha yamefungwa. Monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi, inafika kwenye utando, inaichukua ile oksijeni na kugeuka dioksidi ya kaboni. Elektroni zinaachiwa, ukinzani unashuka, kengele inalia. Dioksidi ya nitrojeni iliyomo katika moshi wa jenereta hufanya kinyume: inapora elektroni, ukinzani unapanda.

Wembamba una sababu. Kazi yote hufanyika usoni. Utando ukiwa mnene, umeme hupita katikati, mahali ambapo gesi haijagusa kitu, na mabadiliko ya usoni yanapotea. Mwaka 1962, huko Japani, Tetsuo Seiyama na wenzake walionyesha kwamba utando wa oksidi ya zinki unaweza kutambua gesi. Mwaka huo huo Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kihisi cha oksidi ya bati.

Kuna jambo moja ambalo kwa watu wa mji huu ni la kufa na kupona. Mazuku ni dioksidi ya kaboni. Inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inatulia mabondeni na kwenye mashimo, kandokando ya Ziwa Kivu na kuelekea mji wa Sake. Mbuzi wanaanguka humo, na watoto pia. Gesi hii imekwisha kushiba oksijeni. Haina cha kuchukua kwenye utando wa bati, kwa hiyo kihisi cha kawaida cha aina hii karibu hakishtuki. Mtu aliyenunua kengele ya monoksidi kwa ajili ya makala akadhani sasa mazuku haimpati, yumo hatarini kabisa. Kwa mazuku kinatakiwa kifaa cha infraredi, kinachopima mwanga unaomezwa na gesi hiyo, tena kiwekwe chini, karibu na sakafu, maana gesi hujaa kuanzia huko. Ikifikia asilimia 10 ya hewa, mtu huzimia ndani ya dakika chache. Muulize muuzaji gesi inayopimwa, na usome ganda la kifaa mwenyewe. Neno «gesi» peke yake halitoshi.

Utando wenyewe haujui kuchagua vizuri. Mvuke wa chungu, pombe, hata manukato, vyote vinaweza kuuyumbisha, ndiyo maana watengenezaji huuchanganyia metali kama paladi au platini kidogo ili uipokee gesi fulani zaidi ya nyingine.

Halafu kuna umeme. Kwa kawaida hita haizimwi, na vihisi vya zamani vilikula mamia ya miliwati. Tando za sasa juu ya silikoni zinatosheka na makumi tu, kiasi ambacho betri na paneli ndogo ya jua vinaweza kubeba. Umeme ukirudi baada ya kukatika siku nzima, upe utando muda wa kupata joto na kutulia kabla ya kuiamini namba yake.