Maabara Tuli Si Gari Lililokosa Magurudumu

Hapa Mwanza, kila picha mpya ya Mirihi inapozunguka kwenye simu, hakosekani mtu wa kusema kwamba zamani wanasayansi walipeleka maabara zilizosimama mahali pamoja, na kwamba siku hizi, kwa kuwa wameendelea, wanapeleka magari. Wengine huita kila kilichotua huko "gari la Mirihi".

Maana zenyewe ni nyepesi. Maabara tuli ni chombo kinachobaki pale kilipotua hadi mwisho wa kazi yake, kikipima kile ambacho mkono wake unakifikia au kinachokijia chenyewe, kama upepo, joto na mtetemo. Gari la uchunguzi ni roboti yenye magurudumu, inayovifuata vitu vilipo.

Tatizo ni hilo la "zamani" na "siku hizi". Lunokhod 1, gari la Umoja wa Kisovieti, lilianza kutembea Mwezini Novemba 1970, miaka zaidi ya mitano kabla ya Viking 1 na Viking 2, vyombo tuli vya Marekani, kutua Mirihi mwaka 1976. Phoenix, iliyofukua barafu upande wa kaskazini wa sayari hiyo mwaka 2008, na InSight, iliyotua Novemba 2018, zote ni tuli, na zote zilikuja baada ya magari ya Spirit na Opportunity kufika mwaka 2004.

InSight haikunyimwa magurudumu kwa ubahili. Kazi yake kuu ilikuwa kusikiliza mitetemo ya sayari, na kipima mitetemo hakitaki kusumbuliwa. Ni sawa na nguzo ya kupimia kina cha ziwa, ambayo ikihamishwa kila juma haitasema lolote la maana kuhusu kupanda na kushuka kwa maji. Tena kusimama tu hakutoshi. Kipima mitetemo cha Viking 2 kiliwekwa juu ya chombo chenyewe, kikaishia kunasa zaidi mtikisiko wa upepo. InSight ilikishusha chake ardhini kwa mkono, ikakifunika dhidi ya upepo, ikanasa matetemeko zaidi ya 1,300 kabla vumbi lililotanda kwenye paneli zake za sola halijaizima Desemba 2022. Kubwa kuliko yote, la Mei 2022, lilikuwa na ukubwa wa 4.7, chini ya lile la 5.9 lililowapiga jirani zetu wa Kagera Septemba 2016. Hata hivyo, kwa mitetemo hiyo wanasayansi walikadiria unene wa gamba la Mirihi na ukubwa wa kiini chake, jambo ambalo Opportunity, pamoja na kilomita zake 45, haikuumbiwa.

Ni kweli kwamba matabaka ya miamba yanataka kufuatwa, na ndiyo sababu Curiosity, gari lililotua Agosti 2012, imekuwa ikipanda mlima ulio ndani ya kreta ya Gale tangu ilipoufikia mwaka 2014. Lakini hiyo nayo ina tanuri na vipimo vya kemikali tumboni mwake, na jina rasmi la mradi wake ni Maabara ya Sayansi ya Mirihi.

Basi mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi picha ya InSight anaweza kubadilisha neno moja tu, akaiita chombo tuli badala ya gari. Akifika kwenye Curiosity, asisite kuiita maabara.